Abla na Kiwanja Chake Chenye Njaa

Ukiingia kwa Abla na njaa, utatoka umeshiba. Ukiingia umeshiba, utatoka unashika ukuta. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa mtaa wetu wa Hail angekwambia juu yake, nami naanza nalo kwa sababu bila ya hilo mengine yote hayaeleweki.

Abla si jina lake. Huku Oman mwalimu wa kike huitwa hivyo na wanafunzi wake, na yeye alisomesha ahyaa, somo la viumbe hai, katika skuli ya wasichana kule Sib, miaka na miaka, mpaka watu wakasahau kama ana jina jingine. Mama yangu, rika lake kabisa, alimwita Abla. Muuza samaki alimwita Abla. Siku moja nilimsindikiza hospitali, muuguzi akaita jina lake kamili, akaita tena, akaita tena, na yeye kakaa anatazama dari.

"Abla, wewe huyo!" nikamgusa.

"Ah! Mimi nikidhani mgonjwa kakimbia."

Kazaliwa wapi na nani kamzaa nani, hayo nawaachia wanaopenda kuhesabu nasaba. Sisi Waomani wa Zanzibar tukikaa watatu hatukosi mmoja wa kazi hiyo. Mimi nataka kumuonyesha tu jinsi nilivyomuona mimi, alasiri baada ya alasiri, nimekaa kwenye seble yake nashona kofia.

Maana kazi yangu ni kofia. Natoboa vitobo, nazungushia uzi wa hariri, na zikimalizika zinakwenda kuuzwa suku, yaani sokoni Sib. Skuli nilimaliza kwa kujikokota, ahyaa nikaanguka, na aliyeniangusha ni yeye mwenyewe. Cha ajabu, baada ya kuniangusha ndiyo tukawa marafiki. "Kichwa chako si kibovu, Rahma," aliniambia. "Kinatembea tu. Kikirudi safari nitakifundisha." Ni kweli kinatembea. Hata sasa nikishona huwa niko kwingine, napanda milima ya nchi ambazo sijawahi kuziona. Na aliyenipa milima hiyo ni yeye.

Lakini nirudi kwenye chakula. Kwetu mgeni hukataa kwanza kwa adabu, na mwenyeji humuongezea kwa adabu zaidi. Kila nyumba ina desturi hiyo. Abla aliifanya sheria. Namkumbuka Bi Zuwena, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti, amekaa mkekani anaziba sahani yake kwa kiganja.

"Nimeshiba, Abla, wallahi."

"Umeshiba nini, na sahani kavu kama jangwa la Mabela?"

"Nimekula katlesi mpaka naona haya."

"Haya ya nani? Ya katlesi?"

Na huku anasema, kijiko kishapita chini ya kiganja. Kwa Abla neno "hapana" lilikuwa na maana ya "nitilie kidogo". Watoto walijua, wakubwa walijua. Paka wake alijua pia; alinenepa hata akaacha kupanda ukuta, akawa anaingia kwa mlango mkubwa kama mgeni mwalikwa.

Sasa mtu huyo huyo, ubavuni mwa nyumba yake, alikuwa na kiwanja ambacho hakukipa hata tone la maji.

Kilikuwa kiwanja chake halali. Watu walimwambia ajenge, hakujenga. Walimwambia apande mitende, hakupanda. Kilikuwa changarawe tupu ya rangi ya ngozi ya ngamia, na kazi yake pekee pale ilikuwa kuokota mifuko ya nailoni iliyopeperushwa na upepo. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi ungeapa kuwa hakuna roho inayoishi pale. Lakini ikinyesha, na kwetu mvua hunyesha kama mtu anayebisha hodi kisha akaondoka kabla hujafungua, baada ya siku chache Abla alikuwa akinipigia simu nyumbani.

"Rahma! Acha kofia. Njoo upesi, na uvue viatu."

Tukiinama, changarawe ilikuwa imejaa. Vijani vidogo kama kucha ya mtoto mchanga. Maua manjano, meupe, na moja la zambarau lililokuwa dogo kiasi kwamba ungeweza kulifunika kwa kichwa cha pini. Juu ya mawe kulikuwa na ukoko, namna ya kutu ya kijivu na ya chungwa, nayo Abla alisema ni kiumbe hai, kinaishi kwa hewa na umande. Mimi nilidhani mawe yamechafuka.

"Hawa ndio maskini jeuri wangu," akasema. "Hawana kitu, hawaombi kitu. Wamejifunza kuishi kwenye ardhi isiyo na chakula. Ukiwapa chakula unawaua."

"Vipi chakula kimuue mtu, Abla?" nikamuuliza. Nilikuwa na haki ya kuuliza, na tumbo langu bado limejaa vitumbua vyake.

"Hakiwaui chenyewe. Kinawaita wengine." Akachukua ufito, akachora changaraweni. "Ardhi hii ina njaa. Majani makubwa, yale yanayokwenda mbio, hayawezi njaa, basi hayaji. Wapole wanabaki na nafasi yao. Siku utakayoishibisha ardhi, wenye mbio watakuja, watakuwa warefu, watawafunika jua. Wapole hawajui kugombana, bibi. Watatoweka kimya kimya, na wewe utakuwa unapiga makofi kwa sababu pamekuwa kijani."

Nikamwambia mbona darasani hakusema hivi, ningefaulu. Akasema alisema, mimi ndiye nilikuwa safarini.

Darasani alikuwa mtu mwingine. Dada yangu mkubwa, aliyefaulu, anasema hata leo akisikia chaki inaanguka anakaa wima. Abla hakusamehe jibu la kupendeza lisilo la kweli. Msichana mmoja aliandika insha nzuri mno kuhusu waridi, wasichana wote wakalia, yeye akampa sifuri kwa sababu waridi lile lilichanua kwenye insha bila ya mizizi. "Ukweli hauna haya," ndiyo kauli yake. "Unaona, unasema." Nataka mliweke neno hilo akilini, maana kuna siku aliona na hakusema, na siku hiyo ndiyo iliyonifanya nimpende kuliko zote.

Kabla ya kusomesha, alisoma katika nchi moja ya Bahari ya Mediterania, ile ambayo kwa Kiarabu huitwa Bahari Nyeupe ya Kati. Huko kulikuwa na kilima. Akikitaja kilima hicho sauti yake iliteremka, kama mtu anayesema habari za mama yake. Kilikuwa kikavu na cha mawe, mvua yake ya kipupwe tu, na kiangazi kirefu. Lakini ukikanyaga, harufu inapanda: zaatari, iklili, majani ya kila namna ya kutilia dawa na chai. Yeye na wanafunzi wenzake walipewa kila mmoja kipande chake cha ardhi akiangalie, nini kimeota, nini hakikuota. Alikaa na kipande chake miaka ya masomo yote. Alijua mpaka jiwe gani lina ukoko gani.

Katikati ya miaka ya tisini alirudi huko, safari ya walimu. Wenzake walikwenda madukani, yeye akapanda basi kwenda kilimani. Aliporudi Hail nilikwenda kumpokea kwa furaha, nataka khabari. Akaniwekea chakula, akakaa, akasema:

"Kimenenepa."

"Nani?"

"Kilima."

Chini yake walikuwa wamepitisha barabara kubwa, na bondeni mashamba yameongezeka, na mabanda ya mifugo. Alinieleza polepole, na mimi nilikuwa nimeacha sindano hewani. Moshi wa magari, alisema, na mvuke wa samadi, na mbolea za mashamba, vyote vina kitu kiitwacho naitrojeni, na kitu hicho hakikai mahali pake. Kinapanda na hewa, kinatua na vumbi. Katika nchi ya mvua nyingi kinatua na kuoshwa. Katika nchi kavu kinalala juu ya majani na mawe kiangazi kizima, kinajikusanya, kisha mvua ya kwanza inakizamisha ardhini kwa mara moja. "Kama mtu aliyefunga mwaka mzima," alisema, "halafu ukamtia biriani ya harusi nzima kinywani."

Basi majani ya mbio yalikuwa yamepanda kilima. Zaatari imebaki mashina mashina. Ukoko wa mawe umekuwa mwingine, ule unaopenda uchafu. Na kwa sababu joto nalo limezidi na kiangazi kinaanza mapema na kuchelewa kuondoka, yale majani hukauka yakawa kama karatasi, na upande mmoja wa kilima ulikuwa umeshaungua. Kipande chake hakukijua. Alizunguka akitafuta mawe yake kama mtu anayetafuta kaburi.

"Kile kimenipotea," akaniambia. Akatazama dirishani, kwenye changarawe. "Hiki sitaki kinipotee. Nataka mahali pamoja tu, Rahma. Padogo. Pasipolishwa na mtu."

Nilitaka kulia. Yeye akanisukumia sahani. "Kula. Kinapoa."

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa akipiga kelele juu ya moshi wa magari, na duka la mkate liko mwisho wa uchochoro, na yeye anakwenda kwa gari. Nikimcheka anasema, "Magoti haya uyabebe wewe?" Kisha, akishazima injini, anatazama nyuma kwenye moshi: "Na mimi nimo katika hao wenye moshi. Usinitoe." Feni anazima ili asile umeme, friji anazo mbili kwa ajili ya wageni. Mwaka ule bahari ya Sib ilipogeuka rangi, maji mazito mekundu na samaki wafu ufukweni, alikwenda akasimama na leso puani, watu wakamuuliza, Abla, ni nini hii? Akasema ni vijidudu vya majini vimezaliana kupita kiasi. Maji yamekuwa moto, na huenda na chakula kinachoteremka kutoka kwetu, mbolea na maji machafu, kimo. "Bahari nayo tumeilisha," akasema. Kisha akarudi nyumbani na, kwa vile hakukuwa na samaki, akatupikia mbuzi mzima.

Watu walimpenda. Hilo ndilo lililokuwa khatari.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili, magoti yalimshinda, akapelekwa India kutibiwa. Alikaa huko miezi. Kwetu mtu akienda kutibiwa hamsubiri mikono mitupu. Nyumba inasafishwa, mapazia yanafuliwa, chakula cha kumpokea kinapangwa kabla ndege haijaondoka huko. Bi Zuwena akaita wanawake wote wa mtaa nyumbani kwetu.

"Mapazia ni kitu gani?" akasema. "Abla katulisha mtaa mzima, watoto wetu kawasomesha. Tumfanyie jambo. Kile kiwanja chake kinanitia uchungu. Duwari za barabarani, zile za kuzungusha magari, zimejaa maua na majani mpaka katikati. Kiwanja cha Abla kipara! Tumtie kijani."

Wote wakashangilia. Mama akashangilia kuliko wote.

Mimi nikainua mkono kama niko skuli. "Lakini yeye hataki. Anasema ardhi ile ina njaa na—"

"Nyamaza wewe," Mama akanikatiza, "ahyaa uliifeli."

Wakacheka mpaka buli ikatikisika. Nami, wallahi, nikacheka pia, maana ni kweli.

"Anasema hataki, nnajua," Bi Zuwena akasema, anajifuta machozi. "Mimi mwenyewe nilimuuliza mwaka jana, Abla, tukutilie mbolea? Akaniambia, hapana bibi, nashukuru, kimetosha. Sasa na mimi kwake nnaposema hapana, nashukuru, imetosha, hunisikia? Si hunijazia? Ile ni haya tu. Huyu mtu hajui kupokea, anajua kutoa tu. Safari hii na yeye tumjazie!"

Mnaona? Huwezi kumlaumu mtu. Abla mwenyewe alikuwa amewafundisha kwa kijiko, miaka yote ile, kwamba "hapana" si neno. Nilisema tena, nikasema na jioni kwa Mama peke yake. Mama akaniambia, kwa upole, "Mwanangu, mtu mzima akikataa zawadi, ndiyo unampa."

Lilikuja tenki la maji. Zilikuja gunia za samadi ya ng'ombe, na mifuko ya zile chembe nyeupe za mbolea ya yuria. Wanawake walifunga kanga viunoni wakapiga majembe na nyimbo. Na ardhi, kwa kweli, haikuwaangusha. Baada ya wiki chache kiwanja kilikuwa kijani kama zulia la msikiti, majani mpaka magotini, ndege wanaruka, watoto wanabingirika. Ukoko wa mawe haukuonekana, na mawe yenyewe hayakuonekana.

Siku ya kurudi Abla tulijipanga mlangoni. Vigelegele, ubani, halwa, birika la kahawa. Alishuka garini na bakora mpya, amekonda kidogo, akambusu kila mmoja. Kisha Bi Zuwena akamziba macho kwa nyuma, kama wafanyavyo watoto, akamgeuza.

"Haya! Fungua!"

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, kwa hiyo uso wake niliuona mimi peke yangu. Sitausahau. Nilimuona anatazama upande hadi upande, polepole, anatafuta. Niliona mdomo unafunguka, na nikajua linalokuja, maana mwanamke huyu hajapata kumsamehe mtu waridi lisilo na mizizi. Nyuma yake wanawake wote wamesimama, mikono bado ina malengelenge ya majembe, wanasubiri kama wasichana wanaosubiri alama.

Akageuka akawaangalia. Akaangalia mikono yao.

"Mashaallah," akasema. "Mmenifanyia jambo ambalo hajapata kunifanyia mtu."

Na lilikuwa kweli, neno kwa neno. Hata siku ile hakusema uongo. Wakalia, wakamkumbatia, yeye akawalisha halwa waliyoileta wenyewe.

Usiku huo hakuniita, wala kesho yake. Siku ya tatu nikaenda na kofia zangu. Nilimkuta dirishani.

"Ulijaribu kuwaambia?" akaniuliza, bila ya kugeuka.

"Nilijaribu, Abla. Walisema niliifeli ahyaa."

Mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Huwaambii?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini? Kwamba mapenzi yao yamenichomea nyumba? Kule kilimani, Rahma, hakuna aliyenikusudia. Moshi umekuja, mbolea imekuja, haina sura. Hii ina sura ya Zuwena." Akajifuta pua. "Na kijiko alikipata kwangu."

Nikadhani yamekwisha hapo. Kumbe sikumjua bado.

Ilipokaribia Idi Kubwa, kila nyumba ina mbuzi wake wa kunenepesha kwa ajili ya nyama ya shuwa, ile inayofukiwa shimoni. Abla akatuma ujumbe mtaa mzima: majani ya kiwanja changu ni sadaka. Njooni mkate, mbebe, mbuzi wenu wale. Sharti moja: mbuzi asiingie, majani yatoke. Wanawake wakaja na mundu na magunia, wanamuombea dua. Yeye akakaa kwenye kiti na bakora yake anasimamia kama mtihani.

"Kata chini zaidi, bibi. Usiache. Beba na yaliyoanguka."

"Abla, haya machache tu, acha yaoze hapa yawe mbolea."

"La! Beba! Mbuzi wako kanikondea."

Nilipokaa karibu yake aliniinamia sikioni. Alikuwa na uso ule wa furaha wa mtoto aliyeficha kitu. "Chakula walichoimwagia ardhi sasa kimo ndani ya majani," akanong'ona. "Jani likitoka, kinatoka nalo. Kila gunia linalovuka ukuta, ni yuria ya Zuwena inarudi kwao."

"Inarudi vipi?"

"Kwa njia ya mishkaki."

Akafanya hivyo Idi kwa Idi. Na Idi ndogo pia. Harusi ikitokea, majani ni sadaka. Hakutia maji. Kila mara majani yalirudi mafupi zaidi, membamba zaidi, na wanawake wakaanza kusikitika: "Majani yako yanakonda, Abla." Yeye anajibu, "Alhamdulillahi," na wao wanadhani ni subira. Mtaa mzima ulikuwa unamsaidia kuirudishia ardhi yake njaa, na mtaa mzima ukidhani unalishwa naye. Hakuna aliyeaibika. Nimesoma vitabu vichache, lakini sijui kama kuna mahali wanafundisha jambo la namna hiyo.

Jambo jingine lilibadilika, dogo, nami nilichukua muda kulitambua. Kijiko chake kilianza kusita. Mgeni akisema nimeshiba, Abla alisimamisha mkono na kumtazama usoni. "Hapana ya haya, au hapana ya kweli?" Mwanzo walicheka. Baadaye ikawa msemo wa mtaa. Dukani, msibani, kwenye uchumba: hii hapana ya haya au ya kweli? Bi Zuwena ndiye aliyeupenda kuliko wote, ulimuokoa tumbo.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kiwanjani ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nimeolewa Mabela, kwenye zile nyumba mpya zisizokwisha, na nilikuja na kofia zangu kama zamani. Mvua ilikuwa imepita wiki ile, fupi, baada ya kiangazi ambacho hata wazee walisema hawajakiona mfano wake. Abla alikuwa amezeeka ghafla. Magoti hayakupona kitu.

Aliniwekea vitumbua na glasi ya maji. Nilikula, nikasema nimeshiba.

"Ya kweli?"

"Ya kweli, Abla."

"Haya," akasema, akaweka kijiko chini. Sikuamini macho yangu.

Tukatoka, mimi na glasi yangu mkononi, yeye na bakora. Nilimuwekea kiti karibu na mawe. Mabaka ya majani yalikuwa bado yapo, manjano, yamechoka. Lakini kati ya mabaka changarawe ilikuwa imetoka tena.

"Mimi siwezi kuinama," akasema. "Na wewe una macho ya vitobo vya kofia. Vua viatu. Anzia pale kwenye jiwe kubwa."

Nikatambaa, glasi naisogeza mbele yangu. Nilitafuta kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka, kwa mashavu karibu na ardhi. Macho yake niliyasikia mgongoni. Jiwe la kwanza, hakuna. La pili, majani ya mbio tu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumliwaza. Ndipo chini ya jiwe la tatu, upande wa kivuli, nikaliona: vijani viwili kama kucha, na juu yake nukta ya zambarau.

"Abla."

"Sema ukweli. Usinipambie."

"Lipo. Moja tu. Lina ukubwa wa kitobo kimoja cha kofia."

Nilipoinua kichwa, alikuwa amefumba macho, na bakora imemlegea mkononi.

Sauti ya Bi Zuwena ikapanda juu ya ukuta. "Abla! Mnatafuta nini chini huko? Nije niwasaidie? Nna mpira wa maji hapa, nimwagie kidogo, ardhi imekauka masikini!"

"Hapana, Zuwena!"

Sauti ikaja tena juu ya ukuta.

"Ya haya au ya kweli?"

"Ya kweli, dada yangu. Ya kweli kabisa."

"Haya, Abla," ikajibu sauti. Na tukasikia bomba linafungwa.

Nikaligeukia tena lile ua. Lilikuwa dogo mno, na jiwe lake kavu, na jua kali, moyo ukaniuma. Sijui hata niliamua saa ngapi. Niliona tu mkono wangu umenyooka na glasi imeanza kuinama.

Bakora ikanigusa kiwiko.

"Hata wewe!" akasema Abla.

Tukacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaninyooshea kidole, uso wa darasani, na mimi nikakaa pale pale juu ya changarawe, nikainywa maji yote mwenyewe, mpaka tone la mwisho, yeye ananitazama.